Kompyuta ya mtumba haiwaki, au skrini ni nyeusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Linux kwenye mashine za zamani

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye kompyuta iliyotengenezwa kati ya 2005 na 2013 hivi, aliyeiwekea Debian, Linux Mint, Xubuntu, antiX au mfumo mwingine wa programu huria, na sasa mashine haiwaki, au inawaka bila kuonyesha kitu. Ni zile OptiPlex, HP Compaq, ThinkCentre na ThinkPad zilizopangwa madukani Luthuli Avenue na Moi Avenue jijini Nairobi baada ya kustaafishwa na ofisi za Ulaya. Nyingi zinazoitwa mbovu hazina ubovu wa kutupiwa. Zimesimama mahali fulani njiani, na kazi yako ya kwanza ni kujua mahali hapo ni wapi.

Nianzie wapi?

Kumbuka kitu cha mwisho ulichoona kabla mambo hayajasimama. Kompyuta huwaka kwa hatua: stima inaingia na feni zinazunguka, BIOS (programu ndogo iliyo ndani ya ubao mama) inajikagua na kuonyesha nembo ya kiwanda, GRUB (programu ya kuchagua mfumo) inaonyesha orodha ya mifumo, keneli (kiini cha Linux) inapakiwa na maandishi meupe yanapita, mwishowe unaletewa ukurasa wa kuingiza jina na nywila.

Kama hujaiona nembo ya kiwanda, tatizo halihusiani na Linux hata kidogo. Usiweke mfumo upya. Watu hupoteza siku nzima wakirudia kuweka mfumo kwenye mashine ambayo RAM (kumbukumbu) yake imelegea tu.

Kama nembo ilipita na skrini ikawa nyeusi baadaye, bonyeza Caps Lock mara kadhaa. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, mfumo uko hai na unafanya kazi, ila picha haifiki kwenye skrini: nenda kwenye maswali ya skrini hapa chini. Taa ikikataa kubadilika, au ikimetameta yenyewe bila kukoma, keneli imekwama.

Nabonyeza kitufe, hakuna kinachotokea. Hakuna feni, hakuna taa.

Chomeka waya moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, bila ekstensheni. Jaribu waya mwingine. Waya wa monita na wa kompyuta ya mezani ni aina moja, kwa hiyo unaweza kubadilishana. Kisha chomoa waya (na betri, kama ni laptop inayotoa betri), shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, halafu rudisha waya peke yake. Hatua hiyo humwaga chaji iliyobaki kwenye ubao mama, na imefufua laptop nyingi zilizozimika ghafla stima ilipopotea.

Angalia nyuma ya pawasaplai (kisanduku kinachoingiza stima ndani ya kompyuta) kama kuna swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Stima yetu ni volti 240, kwa hiyo swichi lazima iwe 230. Mashine iliyotoka Marekani huja ikiwa kwenye 115, na ukiiwasha hivyo hapa pawasaplai hupasuka papo hapo. Iangalie kabla ya kuchomeka.

Kama pawasaplai ina plagi ya pini 24, ichomoe kwenye ubao mama, unganisha pini ya waya wa kijani na pini yoyote ya waya mweusi kwa kipande cha waya, kisha chomeka stima. Feni yake isipozunguka, pawasaplai imekufa. Ikizunguka, haimaanishi ni nzima kabisa, lakini sasa una sababu ya kuushuku ubao mama. Pawasaplai yenyewe usiifungue: kapasita zake hushika volti za hatari hata baada ya kuchomolewa.

Ukiwa umefungua kasha, tazama kapasita za ubao mama, vile vikopo vidogo vilivyosimama karibu na prosesa. Kichwa cha kapasita nzima ni bapa. Kikiwa kimefura au kina uchafu wa kahawia juu yake, hapo ndipo penye ugonjwa. Bodi nyingi za kati ya 2002 na 2007 zina kasoro hii kwa sababu kapasita mbovu zilisambaa viwandani miaka hiyo. Fundi mwenye chuma cha kulehemu anaweza kuzibadilisha. Mwambie atumie zenye uwezo uleule wa mikrofaradi na volti zilezile au zaidi, za aina inayohimili nyuzi 105.

Feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi na mashine inalia "bip".

Milio hiyo ni lugha ya BIOS, na kila kiwanda kina yake. Hesabu milio na vituo vyake, au kwenye OptiPlex soma taa ndogo nne zenye namba 1 hadi 4, kisha uangalie maana yake kwenye mwongozo wa modeli hiyo. Lakini kabla hujafika huko, shuku RAM.

Zima, chomoa stima, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke. Toa vipande vyote vya RAM. Sugua meno ya dhahabu taratibu kwa ufutio safi wa penseli, pangusa vumbi la ufutio, na kama una spiriti ya kusafishia, ile mafundi wa simu hutumia, pitisha kidogo kwa kitambaa. Vumbi la Nairobi ni jekundu na laini. Huingia ndani ya nafasi za RAM na kukaa, kwa hiyo zipulize kwa hewa. Rudisha kipande kimoja tu, kwenye nafasi ya kwanza, hadi vishikizo vilie "ta". Washa. Ikiwaka, zima na uongeze cha pili. Isipowaka, jaribu kipande kingine kwenye nafasi ileile, kisha kipande kilekile kwenye nafasi nyingine. Kwa njia hii utajua kama kibovu ni kipande au ni nafasi.

Tahadhari unaponunua RAM ya kuongeza: DDR2 na DDR3 haziingiliani, pengo la meno liko mahali tofauti, usilazimishe. Na ukiona RAM ya ukubwa mzuri kwa bei ya kushangaza, uliza kama ni ya seva. RAM ya seva ya aina ya "registered" huingia vizuri kwenye nafasi ya kompyuta ya kawaida, lakini mashine haitawaka.

Kosa lingine la kawaida: mashine ina kadi ya michoro ya kuongezwa, na waya wa monita umechomekwa kwenye tundu la ubao mama. BIOS nyingi za zamani huzima tundu la ubao mama zikiona kadi. Hamisha waya.

Kila nikiwasha, saa inarudi nyuma miaka kadhaa na mashine inaomba nibonyeze F1.

Betri ya saa imekwisha. Ni CR2032 ya volti 3, ile bapa ya duara, na inapatikana hata kwa wauza saa. Mashine ya miaka kumi iliyokaa kontena na ghalani mara nyingi huja na betri iliyokufa.

Madhara yake ni makubwa kuliko saa yenyewe. Tarehe ikiwa ya zamani, tovuti zote za HTTPS hukataliwa na kivinjari, na `apt update` hulalamika kwamba faili ya Release "is not valid yet". Mtu hudhani intaneti ni mbovu. La pili ni baya zaidi: BIOS inasahau mipangilio. Kwenye mashine za 2011 na kuendelea, zenye Legacy na UEFI pamoja (njia ya zamani na njia mpya ya kuwasha mfumo), mpangilio ukirudi ule wa kiwandani, mfumo uliowekwa kwa njia moja hauonekani tena na unaambiwa hakuna kifaa cha kuwashia. Badilisha betri, ingia BIOS (F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad), rekebisha tarehe, rudisha njia uliyotumia wakati wa kuweka mfumo, na utangulize diski kuu.

Flashi ya kuwekea mfumo haiwaki. Mfumo wenyewe ninao.

Maswali manne hapa. Je, faili uliyopakua ni kamili? Ukipakua kwa bando linalokatika katikati, faili inaweza kuwa na kasoro usiyoiona. Piga `sha256sum jina-la-faili.iso` na ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti ya mfumo huo.

Je, uliandika au ulinakili? Kuburuta faili ya ISO (ile uliyopakua) hadi kwenye flashi hakutoshi. Tumia programu ya Ventoy au Rufus, au amri hii ukishahakikisha kwa `lsblk` kwamba sdX ndiyo flashi na si diski yako:

`sudo dd if=mfumo.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync`

Je, flashi ni ya kweli? Kuna flashi zinazojitangaza kuwa za GB 64 na ndani zina nane. Programu ya F3 itakwambia ukweli: `sudo f3probe /dev/sdX`.

Je, mashine inaisoma? Chomeka kwenye tundu la nyuma, la USB 2.0, lile lililo kwenye ubao mama wenyewe. Bonyeza F12 kwa Dell na ThinkPad, F9 kwa HP, ili upate orodha ya vifaa. Kama BIOS ni ya zamani mno haijui USB, choma mfumo kwenye DVD, au choma programu ya Plop kwenye CD ndogo iisomee flashi.

Naambiwa "This kernel requires an x86-64 CPU". Nifanyeje?

Prosesa yako ni ya biti 32. Core Duo za 2006 na Atom N270 za vilaptop vidogo ziko hapa. Core 2 Duo ni za biti 64, usichanganye. Ubuntu iliacha kutoa matoleo ya biti 32 miaka mingi iliyopita. Debian 12, ya 2023, ndiyo ya mwisho kuwa na kisakinishi cha biti 32. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina. Tumia Debian 12, au antiX 23 na MX Linux 23 zenye toleo la biti 32. Kwenye baadhi ya Pentium M utaambiwa pia kwamba PAE (uwezo wa prosesa kufikia RAM zaidi ya GB 4) haipo, ingawa imo ndani. Ongeza neno `forcepae` kwenye mstari wa kuwashia.

Naona "grub rescue>" na hakuna kingine.

Kwanza chomoa flashi na diski zote za nje, uwashe tena. Mara nyingi BIOS ilipanga diski upya kwa sababu uliacha flashi, na GRUB ikajikuta inatafuta faili zake kwingine.

Ikibaki vilevile, GRUB imepoteza folda yake. Piga `ls` ipate kukupa orodha ya vizigeu (sehemu diski ilimogawanywa), kisha vijaribu kimoja kimoja, mfano `ls (hd0,msdos1)/`, hadi uone folda ya boot. Ukishaiona, andika:

```
set root=(hd0,msdos1)
set prefix=(hd0,msdos1)/boot/grub
insmod normal
normal
```

Orodha ya kawaida itarudi. Hii ni ya mara moja tu. Mfumo ukishawaka, piga `sudo grub-install /dev/sda` na `sudo update-grub` ili idumu. Ukishindwa kabisa, washa kwa flashi ya mfumo wa kujaribia, pachika kizigeu chako kwenye /mnt, ukiunganishe na /dev, /proc na /sys kwa `mount --bind`, ingia kwa `sudo chroot /mnt`, kisha piga amri hizo mbili ukiwa ndani.

Ukiona "attempt to read or write outside of disk", BIOS yako haiwezi kusoma mbele ya sehemu fulani ya diski. Za zamani sana hukomea GB 137. Dawa ni kizigeu kidogo cha /boot, MB 1000 hivi, mwanzoni kabisa mwa diski.

Stima ilipotea, iliporudi kompyuta ikasimama kwenye "initramfs". Je, data yangu imepotea?

Kwa kawaida haijapotea. Stima ikikatika katikati ya kuandika, mfumo wa faili hubaki na hesabu zisizolingana, na keneli inakataa kuendelea hadi zirekebishwe. Juu kidogo ya mahali pa kuandika kuna mstari unaotaja kizigeu chenye shida, mfano /dev/sda1. Andika:

`fsck -y /dev/sda1`

Subiri imalize, hata ikichukua nusu saa. Kisha `exit` au `reboot`.

Lakini soma pia kilichoandikwa. Kama ujumbe unasema "ALERT! UUID=... does not exist" (UUID ni namba ya utambulisho ya kizigeu), diski haikuonekana kabisa, na fsck haina cha kurekebisha. Hapo chomoa na kuchomeka upya kebo ya SATA kwenye ncha zote mbili, au ubadilishe kebo. Ni ya bei ndogo. Andika `blkid`: kama haitaji sda yoyote, ni kebo, pawasaplai au diski yenyewe.

Baada ya mashine kuwaka, usiridhike. Weka smartmontools na upige `sudo smartctl -a /dev/sda`. Tazama mistari mitatu. Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector zikiwa juu ya sifuri na zinaongezeka wiki hadi wiki, diski inakufa. Nakili data yako leo. UDMA_CRC_Error_Count ikiongezeka, diski haina kosa, ni kebo. Mtaa wako ukiwa wa stima ya kuja na kwenda, na uko na kompyuta ya mezani, UPS ndogo ya VA 650 inakupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu, na hizo zinatosha. Laptop yenye betri iliyokufa iko kwenye hatari ileile ya kompyuta ya mezani, jambo ambalo wengi hawalifikirii.

Inawaka lakini inakaa dakika moja na nusu kwenye "A start job is running".

Mfumo unasubiri kizigeu ambacho hakipo. Mara nyingi ni swap (kizigeu kinachosaidia RAM ikijaa): uliweka mfumo wa pili pembeni, ukaifomati swap upya, UUID yake ikabadilika, na mfumo wa kwanza bado unatafuta ile ya zamani. Piga `sudo blkid`, linganisha na /etc/fstab, sahihisha. Kwa diski ya nje ongeza `nofail` kwenye mstari wake. Kama ujumbe ni "Gave up waiting for suspend/resume device", UUID ya zamani imo pia kwenye /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, isahihishe na upige `sudo update-initramfs -u`.

GRUB inaonekana vizuri, nachagua mfumo, kisha skrini inakuwa nyeusi kabisa.

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake limegeuzwa kuwa uchawi: "weka nomodeset". Neno hilo ni kipimo, na ni vizuri kujua linapima nini.

Keneli ikianza, kiendeshi cha michoro huchukua skrini kutoka kwa BIOS na kuipangia ukubwa wa picha upya. Skrini nyingi hupotea wakati huo. `nomodeset` inaikataza keneli isifanye hivyo, ibaki na picha ya msingi iliyoachiwa. Kuijaribu: kwenye orodha ya GRUB (shikilia Shift mashine ikiwaka kama haionekani) bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, nenda mwisho wake, futa `quiet splash` ili uone maandishi, ongeza `nomodeset`, kisha Ctrl+X.

Mashine ikiwaka hivyo, umethibitisha kwamba kiendeshi cha michoro ndicho kimekwaa. Usiache hapo. Ukiiacha `nomodeset` siku zote, prosesa ndiyo itachora kila kitu: video zitakatika, dirisha litaburuta, na picha itakwama kwenye ukubwa mmoja. Sasa jua una chipu gani:

`lspci -nnk | grep -A3 VGA`

*Radeon.* Sababu kubwa ni famweya (programu ndogo ambayo chipu huihitaji ili ifanye kazi) kukosekana. Piga `sudo dmesg | grep -i firmware`. Ukiona kupakiwa kumeshindikana, weka kifurushi cha firmware-amd-graphics kwenye Debian, au linux-firmware kwenye Ubuntu na Mint. Visakinishi rasmi vya Debian kabla ya toleo la 12 havikuwa na famweya hizi, ndiyo maana Debian 11 ikiwekwa kwenye mashine ya Radeon mara nyingi huishia kwenye giza.

*NVIDIA.* Kadi za GeForce 8, 9 na 200 zinategemea kiendeshi cha kampuni cha 340, ambacho kampuni iliacha kukihudumia mwishoni mwa 2019 na hakijengeki kwenye keneli mpya bila viraka. Kama ulifuata maelekezo ya zamani ukakiweka, kiondoe: `sudo apt purge 'nvidia*'`, kisha ufute au uhamishe /etc/X11/xorg.conf. Nouveau, kiendeshi huria, itachukua nafasi yake. Nouveau ikiganda, jaribu `nouveau.noaccel=1`.

*Intel.* Kwa GMA 950, X3100 na 4500, kiendeshi kiko ndani ya keneli na ni imara. Ukiona giza, shuku faili ya xorg.conf iliyonakiliwa mahali fulani, au skrini ya mzuka (swali lake liko chini). GMA 950 haimudu madoido ya GNOME, mazingira mazito ya madirisha. Tumia mazingira mepesi: XFCE, LXQt, au IceWM iliyo kwenye antiX.

Na kama mistari au vidoti vya rangi vinaonekana hata kwenye nembo ya BIOS, kabla ya Linux kuanza, chipu yenyewe au RAM yake imeharibika. Kuna mafundi wanaoipasha chipu joto hadi irudi. Hurudi kweli, kwa wiki kadhaa. Usilipe pesa ya ubao mpya kwa kazi hiyo.

Picha ni kubwa mno, imekwama kwenye 1024x768 na mipangilio haina chaguo lingine.

Hakikisha kwanza hukuacha `nomodeset`. Kama haipo, angalia kebo ya VGA kabla ya programu. Monita huiambia kompyuta ukubwa wake kupitia pini za 12 na 15. Kebo za bei ya chini, na zile ndefu za kuunganisha projekta, mara nyingi hazina waya kwenye pini hizo, au pini imevunjika au kupinda. Kompyuta isipopata jibu huchagua ukubwa salama, 1024x768. Pini ya 9 kukosekana ni kawaida, isikutishe. Badilisha kebo na mara nyingi kazi imeisha.

Kama huna kebo nyingine, iambie mwenyewe. Piga `xrandr` ujue jina la tundu (mfano VGA-1), kisha `cvt 1440 900` ikupe mstari wa vipimo, uutumie hivi:

```
xrandr --newmode "1440x900_60.00" 106.50 1440 1528 1672 1904 900 903 909 934 -hsync +vsync
xrandr --addmode VGA-1 1440x900_60.00
xrandr --output VGA-1 --mode 1440x900_60.00
```

Weka vipimo vya monita yako halisi. Ili idumu, fungua /etc/default/grub, ongeza `video=VGA-1:1440x900@60` ndani ya alama za nukuu za GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, upige `sudo update-grub`.

Neno kuhusu adapta: tundu la DVI lenye pini za dijiti pekee halitoi VGA kwa adapta ya plastiki isiyo na kitu ndani. Kutoka HDMI kwenda VGA unahitaji kigeuzi chenye saketi.

Monita inaandika "Out of range".

Imepewa picha isiyoimudu. Ikitokea kwenye orodha ya GRUB, fungua /etc/default/grub, ondoa alama ya # mbele ya `GRUB_TERMINAL=console`, upige `sudo update-grub`. Ikitokea baadaye, tumia `video=` kama ilivyoelezwa juu.

Skrini ya laptop ni nyeusi, lakini naona kama kuna picha kwa mbali.

Mulika skrini kwa tochi ya simu, kwa pembeni. Ukiona maandishi hafifu, picha ipo. Taa ya nyuma ndiyo haiwaki. Washa ukaingie BIOS: kama hata huko ni giza, ni kifaa. Kwenye laptop za kabla ya 2010 hivi taa hiyo ni mrija mwembamba unaoendeshwa na kipande kirefu cha saketi chini ya skrini kiitwacho inveta, na inveta hubadilishwa yenyewe. Itoe stima na betri kwanza. Hutoa mamia ya volti. Angalia pia kebo inayopita kwenye bawaba.

Kama BIOS inang'aa na giza huja Linux ikianza, ongeza mojawapo ya haya kwenye mstari wa kuwashia, moja kwa wakati: `acpi_backlight=native`, `acpi_backlight=vendor`, `acpi_backlight=video`.

Laptop inayolala punde tu unapoingia, mara nyingi inadhani kifuniko kimefungwa. Weka `HandleLidSwitch=ignore` kwenye /etc/systemd/logind.conf.

Kompyuta ya mezani inaonyesha mandhari tupu, na kipanya kinapotelea pembeni.

Keneli inaamini kuna skrini ya pili ya laptop ambayo haipo, na madirisha yamefunguka huko. Hutokea kwenye bodi zinazotumia chipu za laptop. Piga `xrandr`, ukiona LVDS-1 "connected" kwenye mashine isiyo laptop, ndiyo mzuka wenyewe. Uzime kwa `video=LVDS-1:d`. Wakati mwingine ni tundu la televisheni: `video=SVIDEO-1:d`.

Naingiza nywila sahihi, skrini inameta, inanirudisha palepale.

Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa maandishi. Piga `df -h`: kama kizigeu cha / au /home kimejaa asilimia 100, hiyo ndiyo sababu. `sudo apt clean` na `sudo journalctl --vacuum-size=100M` hufungua nafasi ya kuanzia. Kama kuna nafasi, piga `ls -l ~/.Xauthority`, ikiwa mmiliki ni root, ifute kwa `sudo rm ~/.Xauthority` na uingie upya. Huwa hivyo mtu akifungua programu ya dirisha kwa sudo.

Inazima yenyewe baada ya dakika kumi.

Joto. Toa vumbi kwenye feni na mapezi ya kupozea, pangusa krimu iliyokauka juu ya prosesa, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Weka lm-sensors na uangalie kwa `sensors`.

Nimejaribu yote. Nikiomba msaada, niseme nini?

"Haifanyi kazi" haimsaidii mtu yeyote kukusaidia. Taja modeli kamili ya mashine, mfumo na toleo lake, kitu cha mwisho kilichoonekana, na ulichobadilisha kabla ya tatizo kuanza. Piga picha ya skrini kwa simu ukiwa umefuta `quiet splash`. Kama unaweza kufika kwenye Ctrl+Alt+F3, chukua matokeo ya hizi na uyahifadhi kwenye flashi:

```
uname -a
cat /proc/cmdline
lspci -nnk
sudo journalctl -b -p err
sudo journalctl -b -1 -p err
```

Ya mwisho huonyesha makosa ya mara iliyopita mashine ilipowaka. Hapo ndipo kosa la skrini nyeusi hujificha. Na ukiipeleka kwa fundi, nakili data yako kwanza, umwambie wazi kwamba hutaki diski ifomatiwe kabla hajakupigia simu.